Mama wa miaka 71 anapanda ndege peke yake kutoka Tanga mpaka Houston. Nani ameshampitisha mzazi wake safari ndefu kama hii?

BintiChumbageni, Houston

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Nina jambo linaninyima usingizi, naombeni mliokwisha kulipitia mnishike mkono.

Mama yangu yuko Tanga, ana miaka 71. Viza ameshapata, na mwisho wa mwezi ujao anakuja kumwona mjukuu wake, ambaye leo ametimiza wiki tano. Ndege amewahi kupanda mara moja tu, ile ya dakika ishirini kutoka Dar kwenda Unguja, tena kaka yangu alimshika mkono mwanzo mwisho. Safari hii hana wa kumshika. Kaka hana viza, na mimi nina kichanga.

Mama anazungumza Kiswahili na Kidigo. Kiingereza anajua kushukuru, basi. Ana sukari, anajichoma insulini asubuhi na jioni. Goti la kushoto limechoka. Kutembea anatembea, ila ngazi ni mtihani.

Nimeangalia njia zenye kituo kimoja mpaka hapa Houston. Kuna Qatar kupitia Doha, Emirates kupitia Dubai, na Turkish kupitia Istanbul. Kipande cha kwanza hakinitishi. Kinachonitisha ni cha pili, kwa sababu kutoka Doha au Dubai kuja hapa mtu anakaa hewani karibu saa kumi na sita. Bei tutajinyima, tutaimudu. Ninachotaka kujua ni huduma: mzee asiyejua lugha ya wahudumu, anatazamwa vipi kwa saa zote hizo?

Niwaeleze hofu yangu inatoka wapi. Mwaka juzi nilikuwa narudi huku baada ya arobaini ya baba, nikakaa jirani na bibi mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anakwenda kwa mwanawe Dallas. Chakula kilipokuja mhudumu alimwuliza kwa Kiingereza, kuku au tambi, haraka haraka, na mkokoteni ulishaanza kusogea. Bibi akaitikia kwa kichwa. Akawekewa tambi. Mimi usingizi ulinichukua. Nilipozinduka trei iko vilevile mbele yake, ile karatasi ya fedha haijafunguliwa, uma na kisu vimo ndani ya mfuko wake wa plastiki, na yeye ameweka mikono miwili pembeni ya trei kama mtu aliyeachiwa mali ya mwenyewe ailinde. Nikamwuliza, "Bibi, mbona hujala?" Akanijibu kwamba alikuwa anangoja aone wenzake wanafunguaje, lakini taa zikazimwa. Nikamfungulia. Tambi zimeshapoa na kugandamana. Akala kipande cha mkate na siagi.

Bibi yule alinipata mimi. Mama yangu atakaa na nani?

MwanaNgamiani, Columbus, Ohio

Waaleikum salaam dada, na hongera ya mtoto, Mungu akukuzie. Nimesoma habari ya huyo bibi mara mbili. Mama yangu naye ni bibi kama huyo, na nitakueleza yote bila kuficha kwa sababu kosa lilikuwa langu pia.

Nimemleta mama mara mbili, 2019 na 2023. Mara ya kwanza nilikata tiketi kwenye intaneti, nikatia alama kwenye kisanduku cha kiti cha magurudumu, nikaona kazi imekwisha. Shirika silitaji jina. Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, kijana aliyekuwa anamsukuma alimfikisha karibu na geti, akamwegesha kando ya nguzo, akafunga breki, akamwonesha kwa kiganja "tulia hapa," akaondoka. Zilikuwa zimebaki zaidi ya saa tatu ndege kuruka. Mama alikaa pale saa tatu hizo. Hakujua kama anaruhusiwa kuinuka. Haja ndogo ilimbana, akajibana nayo. Kiu ilimshika, na bomba la maji lilikuwa hatua kumi mbele yake, analiona.

Ndani ya ndege ikawa vilevile kwa saa kumi na nne. Alikunywa maji mara mbili tu, vile vikombe vidogo, ili asilazimike kwenda chooni. Na jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanichoma: alikuwa anangoja magharibi iingie ajichome sindano yake ya jioni. Ile ndege iliruka asubuhi, ikawa inakwenda upande lilikokwenda jua. Jua halikuzama. Kila akifunua pazia la dirisha nje ni mchana mweupe. Akangoja, akangoja, jioni haikuja, na sindano haikuchomwa. Alipotua, kipimo chake cha sukari kilisoma 19, imepanda mno kwa hesabu za kwetu, si hizi za Marekani. Miguu ilikuwa imevimba viatu havivaliki. Alitoka uwanjani na soksi.

Nikamwuliza, "Mama, kitufe kilikuwa pembeni yako, mbona hukuwaita?" Akaniambia, "Niwasumbue watoto wa watu? Niliwaona wanavyokwenda mbio, wamechoka wale."

Nililiandikia shirika. Jibu lilirudi kwa adabu, likisema katika kumbukumbu za safari ile hakuna ombi lolote la msaada kutoka kwa abiria. Nilikasirika sana. Baadaye nikaona kwamba hawakudanganya. Katika ndege ya watu mia tatu, mhudumu anamwendea aliyemwita na yule ambaye jina lake limeandikwa kitu. Mama hakuita, na mimi sikumwandikisha ipasavyo.

Kwa hiyo 2023 nilianza mwezi mzima kabla. Usitegemee kile kisanduku cha kwenye tovuti, piga simu. Mashirika yote yanatumia herufi zilezile za msaada wa kiti. WCHR ni mtu anayepanda ngazi mwenyewe lakini hawezi mwendo mrefu. WCHS hawezi ngazi. WCHC hawezi kutembea kabisa, hupelekwa mpaka kwenye siti yake. Kisanduku nilichotia alama 2019 kilikuwa cha WCHR, na mama alipofika ndege ilikuwa imeegeshwa mbali, hakuna lile daraja la kuunganisha na jengo, akaambiwa apande ngazi. Mama yako, kwa goti hilo, ni WCHS. Mwambie mhudumu wa simu akusomee alichoandika, kwa vipande vyote viwili vya safari. Mimi kipande cha pili hakikuwa na kitu, ndiyo kwanza kikaandikwa nikiwa bado kwenye simu. Mwambie pia aandike kwamba abiria anazungumza Kiswahili tu na kwamba ana sukari. Fanya hivyo mapema, zikiwa bado zimebaki zaidi ya saa 48 kabla ya safari.

Chakula: kwenye ndege za Ghuba, kama Qatar na Emirates, vyakula vyote ni halali, kwa hiyo usipoteze nafasi yako kuomba chakula cha Kiislamu. Omba cha wagonjwa wa sukari, herufi zake DBML. Faida yake kubwa ni kwamba huletwa mapema kabla ya mkokoteni, kwa jina na namba ya siti. Mhudumu anasimama, anahakikisha kwamba ndiye. Hapo anaonana naye uso kwa uso, na hapo ndipo kadi inapotolewa.

Kadi ndizo zilizomwokoa mama. Nilikata karatasi ngumu kumi, ukubwa wa kiganja. Juu nimeandika Kiswahili kwa wino mwekundu, chini Kiingereza kwa mweusi. Naomba maji. Naomba unifungulie chakula hiki. Naomba unisaidie kusimama niende chooni. Nina sukari, nipe kitu kitamu sasa hivi. Nimechoma sindano, nahitaji kula. Nikazitoboa, nikazitia uzi, akazivaa shingoni ndani ya kipochi cha kitenge pamoja na paspoti. Ile ya kufungua chakula ilirudi imechakaa pembe.

Lakini kadi pekee zisingetosha, maana aibu ya kuita ilikuwa palepale. Basi jioni tatu mfululizo tulifanya mazoezi kwa video. Mpwa wangu alimkalisha kwenye kochi, akamfunga mtandio kiunoni kuwa mkanda, akampa rimoti ya televisheni kuwa kitufe. Mama akibonyeza, mpwa anatoka jikoni, anasema maneno ya Kiingereza, mama anaonesha kadi. Jioni ya kwanza alibonyeza halafu akasema, "Samahani mwanangu, nimekutoa kwenye kazi zako." Jioni ya pili alibonyeza akanyamaza. Ya tatu alibonyeza, akatoa kadi ya maji, na maji yalipochelewa akabonyeza tena. Nikajua sasa anaweza kusafiri.

Saa ya mkononi tuliiacha kwenye saa za Tanga mpaka anashuka. Daktari wake ndiye aliyempangia sindano zifuate saa ile na siyo jua. Na wewe mpeleke kwa daktari wake kabla, kwa sababu siku ya safari kuja Houston inarefuka kwa saa nane au tisa, na dozi zinaweza kubadilishwa. Insulini yote iwe kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari. Kwenye tumbo la ndege baridi inaweza kuigandisha, na ikishaganda ni ya kutupa. Asiilaze juu ya barafu pia. Kalamu ya insulini iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, inakaa nje ya friji wiki nne bila tatizo. Mtie tende kwenye mkoba. Tende haimwagiki, haizuiliwi kwenye ukaguzi, na sukari ikishuka anajua mwenyewe la kufanya.

Siti mchagulie ya kando ya njia. Ile ya mbele kabisa inayotazamana na ukuta watu huisifia kwa nafasi ya miguu, lakini pale mkoba hauruhusiwi kukaa miguuni wakati wa kuruka na kutua, unapandishwa juu, na dawa zake zinakwenda nao. Chagua safu mbili tatu nyuma yake, si mbali na choo. Na atembee. Shirika la Afya Duniani linasema kukaa safarini bila kujongea kwa saa nne au zaidi huongeza karibu maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Mama alikuwa anasimama kila alipomaliza juzuu moja ya Kurani. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake.

La mwisho, nilisahau 2019. Mfundishe kusoma saa za uwanja wa ndege. Ubao ukisema 08:10, mzee wetu anasoma saa nane na dakika kumi, anajiona bado ana muda mpaka adhuhuri ipite, kumbe ni saa mbili asubuhi na geti linafungwa. Mwandikie saa za safari yake kwa hesabu ya Kiswahili kwenye kadi moja, kipande kwa kipande.

Mpakizi_wa_Kariakoo, Dar es Salaam

Mie naongeza la mizigo tu. Popote atakapoingilia Marekani, hapohapo ndipo atakapochukua mabegi yake kwa ajili ya forodha, hata kama tiketi inaendelea mji mwingine. Akija moja kwa moja Houston hilo halimsumbui. Begi lisipofika au likifika limevunjika, aripoti kabla hajatoka ukumbini apewe karatasi. Kwa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa safari za ndege, malalamiko ya begi lililoharibika huandikwa ndani ya siku 7, na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Na mwambieni asifunge nyama, itachukuliwa. Samaki wakavu wa kula mwenyewe wanapita, ila awataje kwenye forodha, asifiche.

KijanaWaLikoni, Ghuba

Dada, mimi ndiye yule anayesukuma kiti. Ni Mkenya, wa Likoni, na huu ni mwaka wangu wa nne katika uwanja mmoja mkubwa huku Ghuba. Dada MwanaNgamiani, nimesikitika kwa yaliyompata mama. Naeleza kazi inavyokwenda ili ujue pa kushika.

Kabla ndege haijatua tunapata orodha: jina, namba ya siti, zile herufi, na ndege anayoiendea. Asiyekuwemo kwenye orodha hupata kiti pia, lakini hungoja mpaka walioandikwa waishe. Usiku ndio mbaya. Ndege nyingi huku hutua kwa mkupuo kuanzia usiku wa manane, wote wanabadilisha, na wazee kwenye ndege moja wanaweza kuwa thelathini na zaidi. Hapo ndipo msukumaji anapokimbia, anamweka mtu getini anarudi kuchukua mwingine. Kwa hiyo ukipata tiketi yenye mapumziko ya mchana, ichukue hata kama ni ndefu zaidi.

Kumaliza kazi kwetu ni kumkabidhi abiria kwa watu wa getini. Mama yako asikubali kuachwa kabla hajaona mtu wa pili ameshika karatasi yake. Atajuaje? Mfundishe hivi: aliyemleta akitaka kuondoka, amshike mkono wa shati. Kweli kabisa, amshike tu. Hakuna atakayekasirika. Mimi wazee wa Kihindi hunishika hivyo kila siku, na sijawahi kumwacha aliyenishika.

Halafu choo. Aombe akiwa bado njiani, si akishafika getini. Tukiwa njiani kusimama chooni ni jambo la kawaida, wala hulazimiki kutupa bakshishi. Nina kadi moja ninayoitamani kwa kila mzee: "Nipeleke chooni kwanza."

Doha kuna lile sanamu kubwa la dubu wa manjano mwenye taa kichwani, katikati ya ukumbi, urefu wake karibu mita saba. Ukipitia huko, mwoneshe picha yake mapema. Mtu akipotea, hata bila lugha, akionesha ile picha kila mfanyakazi anajua pa kumpeleka, na wewe kwa simu unajua yuko wapi.

Jambo moja la moyoni. Nikiona leso inatokea mlangoni mwa ndege, najua ni wa kwetu. Nasema "Shikamoo mama," na nauona uso wake unavyofunguka. Wapo wengi wetu huku, wa Mombasa, wa Kilifi, hata wa Tanga. Mwambie mama asalimie kwa Kiswahili kila anapopita. Ataitikiwa.

BiMkubwaWaKibokoni, Mombasa

Wanangu, nimeoneshwa mazungumzo haya na mjukuu wangu, na yeye ndiye anayenichapia. Mimi ndiye huyo mzee mnayemzungumza. Nina miaka 69, wanangu wawili wako Toronto, na tangu 2014 nimekwenda mara nane. Nimepita Dubai, nimepita Istanbul, nimepita Amsterdam.

Mmesema vizuri, lakini mmesahau mlango wa choo.

Mnafikiri hatunywi maji kwa ajili ya adabu. Ni adabu, na ni mlango. Safari yangu ya kwanza nilisimama mbele ya choo cha ndege nikatafuta kitasa nisikione. Nyuma yangu watu wawili wanangoja. Nikarudi kukaa. Mlango ule husukumwa katikati, unajikunja wenyewe kama jamvi. Ukiingia ni giza, na taa haiwaki sawasawa mpaka ulisogeze komeo. Nani angenambia? Nilijisaidia gizani, na mlango haukufungwa. Kisha ukibonyeza pa kuvutia maji kuna mshindo, utadhani ndege imetoboka. Mimi nilishika ukuta nikapiga shahada. Mtafutieni mama video ya choo cha ndege aione nyumbani, aione mara tatu, ausikie na ule mshindo.

Na maji ya kutawadhia. Bomba la mle ndani linatoa maji kwa kubana, ukiachia yamekatika. Nachukua chupa tupu, napita nayo kwenye ukaguzi ikiwa tupu, kisha naijaza. Hiyo haiondoki mkobani mwangu. Mwanamke wa Kiislamu mwenye chupa yake hataogopa kunywa maji.

Sasa hilo la kubonyeza. Mwanangu wa Columbus, rimoti yako nimeipenda, lakini nikwambie kilichonifungua mimi. Sisi tulilelewa kwamba mgeni haombi. Mgeni hukaa alipoonyeshwa, akingoja kukaribishwa. Akiomba maji kabla hajapewa, kamfedhehesha mwenyeji. Nimekaa hivyo nyumba za watu maisha yangu yote, na ndani ya ndege nikakaa hivyo hivyo. Mpaka binti yangu aliponambia, "Mama, wale si wenyeji wako. Ile ni kazi yao, na kitufe kile ni hodi." Neno hilo likaniingia. Hodi naijua. Hodi si usumbufu, hodi ni adabu yenyewe. Tangu siku ile napiga hodi.

Na njia ninayompendelea mama yako, kama mwanangu utaridhia. Kutoka Tanga, Mombasa si mbali, anavuka mpaka wa Horohoro. Kisha Mombasa mpaka Nairobi, na Nairobi mpaka New York ni ndege moja ya Kenya Airways, haitui popote, saa kumi na tano hivi. Inaondoka usiku, inafika alfajiri, na usiku ni usiku kweli, utaujua kwa giza. Wahudumu wanasema Kiswahili. Mimi nimeipanda mara moja nikienda kumwona dada yangu. Msichana alipita akaniuliza, "Mama umelala? Nikuongezee shuka?" Nikatokwa na machozi, wanangu, kwa neno shuka tu. Tatizo ni kwamba New York siyo Houston. Awepo mtu wa kumpokea pale.

BintiChumbageni, Houston

Shikamoo mama yangu wa Kibokoni. Nimesoma ulichoandika nikiwa nanyonyesha, nikampigia mama hapohapo nikamsomea sehemu ya mlango. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo si mimi peke yangu nilikuwa naliwazia hilo." Kumbe ndilo lililokuwa linamtisha, na hakuniambia.

Tumekaa na mume wangu. Atakwenda New York kumpokea, waje Houston pamoja. Kaka atampeleka Mombasa kwa gari na kupanda naye mpaka Nairobi, hilo halihitaji viza. Kwa hiyo kipande atakachokuwa peke yake ni kimoja. Nimepiga simu shirika, nikaomba WCHS na DBML, nikaomba wanisomee. Wamenisomea. Siti ni ya kando ya njia, safu ya tatu kutoka ukutani.

Kaka wa Likoni, lile la kushika shati nimemwambia pia. Dada MwanaNgamiani, kadi ninazikata usiku huu. Nimeongeza ya kumi na moja: ile ya choo kwanza.

BintiChumbageni, Houston *(baada ya wiki saba)*

Mama amefika juzi. Samahani kwa kuchelewa kuwaambia, nyumba imejaa.

Kipimo cha sukari alipotua kilikuwa 8. Viatu vilivalika. Mume wangu anasema alitoka kwenye ule mlango wa waliowasili akiwa kwenye kiti, kipochi shingoni, na ameushika mkono wa shati wa kijana aliyekuwa anamsukuma, hamwachii.

Nilimwuliza alibonyeza mara ngapi. Akahesabu kwa vidole. Ya kwanza maji. Ya pili chakula kilikuwa na kifuniko kigumu. Ya tatu alitaka kusimama, goti lilikaza, na msichana akamshika mkono mpaka mlangoni, ule mlango, akausukuma katikati mwenyewe. Nikamwuliza na ya nne? Akasema kuna mzee mmoja wa Kikikuyu upande wa pili wa njia alikuwa anatetemeka kwa baridi tangu taa zilipozimwa, amejikunyata, hasemi. "Nikampigia hodi yeye."